Kwa Mkono wa Loleza

Zamani barua ilifika na maandishi pembeni:
kwa mkono wa Mwalimu Tweve.
Ukajua nani alipanda nayo basi,
koti la nani liliiachia harufu ya tumbaku.

Siku hizi nakaa chumba cha nyuma, Forest ya Zamani,
redio juu ya cherehani ya marehemu,
na kila dakika mbili hewa inakohoa,
krrrsh,
mashine inakisoma kile kikohozi, inaniandikia:
Ambakisye. Chimala. Kilomita thelathini kwa saa.
Kwa mkono wa Loleza.

Mlima umekuwa tarishi.
Kisanduku tulikipandisha mimi na Nzunda, mwezi wa kwanza,
betri ya lori mgongoni, tope hadi magotini,
tukakifunga kwenye nguzo kwa waya wa uzio.
Kazi yake ni moja: kusikia, na kusema tena alichosema mwenzake.
Hakiongezi chumvi.
Wapo majirani ningewapeleka kule wakajifunze.

Ambakisye hajui redio. Anajua pikipiki,
na sanduku la chanjo lililokazwa kwa mpira,
na barabara ya Matamba, ile ya kona hamsini na saba.
Chini ya kiti nimemfungia kidude cha kusema.
Sikio hakina.
Kinasema tu nipo hapa, nipo hapa,
hakijui shikamoo wala habari za nyumbani,
hakiulizi kama kwenu mvua imenyesha.

Kona ya kumi namwona. Ya kumi na moja mlima unammeza.
Ya kumi na mbili, huyo.
Anapanda kama uzi kwenye pindo,
sindano juu, sindano chini.

Saa tisa kasoro robo namba ikabadilika.
Kilomita nne kwa saa.

Nne si pikipiki.
Nne ni mtu.
Nne ni mtu anasukuma kitu kizito mlimani.
Halafu sifuri.
Halafu tatu.
Nikawa nasoma pumzi zake kwa tarakimu,
na barafu ya chanjo haina subira.
Nikashika kipaza sauti:
"Ambakisye, fungua sanduku, libebe, pikipiki iache!"
nikijua fika kwamba huko hakuna wa kusikia.
Ni aibu, mtu mzima kuigombeza nukta.

Sauti ikajibu, si yake.
Mahenge wa Makambako, ambaye uso wake sijawahi kuuona:
"Nimekupata, mzee. Hiyo nne naitazama na mimi."
Hatukusema zaidi.
Kila mmoja na kioo chake, mbali na mwenzake,
tukasukuma.

Sifuri. Dakika mbili. Sifuri. Dakika mbili.
Sifuri yaweza kuwa mtu anakunywa maji.
Kioo hakitofautishi.
Nukta hubaki pale ilipoonekana mwisho
hata mwenyewe akiwa ameshaondoka;
bili ya maji ya nyumba hii
hadi leo inakuja kwa jina la mke wangu.

Krrrsh.
Kilomita kumi na nane.
Kumi na nane!
Mahenge akacheka hewani, kinyume cha taratibu zote.
Lori la viazi, tukakubaliana, linarudi tupu Matamba,
limempakia yeye na chuma chake.

Jioni Ambakisye akapiga simu, akakataa:
lilikuwa trekta, tela lake bovu upande mmoja,
na nauli yake ilikuwa kuwashika majogoo wawili wa dereva
njia nzima, mmoja kila kwapa,
sanduku la chanjo katikati ya miguu.
Hayo namba haikuyasema.

Daftarini nimeandika kama kila siku:
saa, mahali, mwendo.
Pembeni: kwa mkono wa Loleza.
Na chini yake, kwa kalamu nyingine, kwa herufi ndogo:
na wa mwenye majogoo.